Chuma kimeingia jichoni, lakini haliumi

SWALI: Mdogo wangu ni fundi gereji. Jana jioni alikuwa akigonga beringi kwa nyundo na tindo, akahisi kitu kimemchoma jichoni. Leo haliumi, limekuwa jekundu kidogo tu, ila anaona ukungu. Wenzake wamemulika kwa tochi, hawakuona kitu. Tusubiri? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Msisubiri. Aende leo hii kwa daktari wa macho. Chuma kikigonga chuma, chembe ndogo kuliko punje ya mchanga huweza kuruka na kupenya hadi ndani ya jicho kupitia tundu dogo mno. Ndiyo maana tochi haikuonyesha kitu. Ukungu ndio unaotutia wasiwasi.

Kabla hajaondoka, afunike jicho lisiloumia kwa kiganja na ajaribu kusoma gazeti kwa lililoumia. Akishindwa, ahesabu vidole. Akishindwa tena, aseme kama anaona mkono ukipungwa, au mwanga tu. Andikeni jibu na saa. Kisha tazameni bila kugusa. Mboni iliyovutika upande mmoja kama tone la maji huelekea penye jeraha. Damu huweza kutuama chini, mbele ya mboni. Kitu cheusi kinachochungulia kwenye weupe wa jicho si uchafu, ni nyama ya ndani ya jicho: msikitoe!

Asilifikiche, asilioshe, asitie dawa yoyote. Pamba na bandeji ya kubana ni hatari, kwa sababu mgandamizo husukuma vilivyomo ndani vitoke. Kateni kitako cha kikombe cha plastiki kiwe kinga ya jicho, kingo zake zikae juu ya mfupa wa nyusi na wa shavu, mkibandike kwa plasta. Asile wala asinywe, huenda akahitaji nusu kaputi. Ataulizwa pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Mwambieni daktari wazi kwamba ni chuma. Atapigwa eksirei au CT skani. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku kali, hapana: sumaku yake huweza kusogeza chuma jichoni. Jeraha la namna hii hutakiwa kushonwa ndani ya saa 24. Likicheleweshwa, usaha huweza kujaa ndani, na chuma kilichobaki hupata kutu na kuua uwezo wa kuona polepole.

SWALI: Na chokaa ikiruka jichoni, tusioshe pia? – Msomaji, Tanga

JIBU: Hapo ni kinyume kabisa. Osheni palepale, kabla ya kupima uoni, kabla ya kutafuta gari. Maji safi yatiririke dakika 30 au zaidi, huku kope la juu limeinuliwa, maana chembe hujificha chini yake zikaendelea kuunguza. Chokaa na saruji huyeyusha mafuta ya ngozi ya jicho na kuzama ndani zaidi, kwa hiyo mara nyingi hudhuru kuliko tindikali ya betri. Msitie limau wala siki kwa nia ya kuipoza. Na jicho likiwa jeupe pe baada ya kuungua, msifurahi: huenda mishipa yake ya damu imekufa.