Maswali Yenu: Baiskeli Pasipo Magari, Juu ya Reli ya Zamani ya Bochum

SWALI: Habari za kazi dada. Mi nipo Dortmund, Ujerumani, na mume wangu na binti yetu wa miaka 9. Baiskeli nilijifunza utotoni Moshi kwenye ile ya babu yenye mtalimbo, tunapitisha mguu katikati maana kwenye siti hatufiki. Hapa naogopa, magari yanakupita karibu mpaka unausikia upepo wake begani. Juzi tumenunua baiskeli tatu za mtumba na zimekaa tu stoo. Watu wananiambia huku mkoa wa Ruhr hamna pa kwenda, ni viwanda na moshi tupu. Kweli hakuna sehemu ya kuendesha bila gari hata moja?
*Mama wa binti mmoja, Dortmund*

JIBU: Mama, karibu sana, na pole na hizo baiskeli za stoo. Sehemu ipo, tena mnaifikia kwa treni ya S1 bila kubadilisha, mnashuka Bochum. Mi hapa Bochum huu mwaka wangu wa kumi na moja na njia ninayokwambia naipita karibu kila wiki, kwahiyo nakueleza kitu ninachokijua kwa matairi yangu mwenyewe.

Inaitwa Erzbahntrasse, yaani njia ya ile reli ya mawe ya chuma. Zamani meli zilikuwa zinashusha mawe yenye chuma kwenye bandari ndogo ya Grimberg kule Gelsenkirchen, pembeni ya mfereji wa Rhein-Herne, halafu treni zinayapandisha mpaka kwenye matanuru ya kiwanda cha chuma cha Bochumer Verein. Ilifanya kazi mpaka miaka ya 1960, baadae ikaachwa, miti ikaota, na sasa reli zimeng'olewa na pamebaki njia ya changarawe iliyoshindiliwa, karibu kilomita 10, ya waenda kwa miguu na baiskeli tu. Na hapa ndo penye utamu wenyewe: kwa vile ilikuwa reli ilijengewa tuta lake refu na madaraja yake, kwahiyo hukutani na magari kwenye makutano, unapita juu yao. Binti yako ataona lori linapita chini ya miguu yake wakati yeye yuko usawa wa matawi ya miti. Mara ya kwanza nilipompeleka mtoto wa jirani alisimama katikati ya daraja akawapungia mkono madereva mpaka mmoja akampigia honi.

Mnaanzia Westpark, nyuma ya Jahrhunderthalle, lile jumba kubwa la chuma na vioo lililojengwa kwa ajili ya maonyesho ya Düsseldorf mwaka 1902 likahamishiwa Bochum liwe nyumba ya mashine za gesi za kiwanda, siku hizi ni ukumbi wa muziki na maonyesho. Kutoka stesheni mpaka hapo ni kama kilomita moja na nusu na kipande hicho kina magari, sikufichi, kwahiyo shukeni mzikokote tu baiskeli mkitembea kwenye njia ya miguu, hakuna atakayewacheka. Ukishafika Westpark kuna daraja jekundu la kuning'inia limejikunja kama nyoka, ukilivuka lile basi gari umezisahau.

Sasa sikiliza jambo moja ambalo wengi wanakosea. Kutoka Bochum kwenda kwenye mfereji ni mteremko mdogo sana, huuoni kwa macho ila miguu inaujua, watoto wanakimbia kwa raha, wanafika kule wanashangilia, halafu kurudi ndo machozi. Mteremko wenyewe ni wa taratibu kwa sababu treni zilikuwa zinapanda zikiwa zimebeba mzigo, kwahiyo si mlima wa kukutisha, ila mtoto wa miaka 9 aliyechoka atauona ni Kilimanjaro. Mara ya kwanza msiende mpaka mwisho, nendeni kilomita nne tano, kuna kibanda njiani, huku wanakiita Bude, mnapata soseji na soda, mnageuza. Siku akizoea ndo mnafika mpaka lile daraja lililopinda kama mundu juu ya mfereji, na bustani ya wanyama ya ZOOM ipo jirani kabisa, hapo atakusamehe kilomita zote.

Na hilo la viwanda na moshi tupu, mama, walikuwa wanasema kweli, ila ya zamani. Mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe magumu, yale ya kuchimbwa chini ya ardhi, Ujerumani, Prosper-Haniel pale Bottrop, ulifungwa Desemba 2018. Mto Emscher, ambao unapita hapohapo kwenu Dortmund, kwa zaidi ya miaka 100 ulikuwa mfereji wa maji machafu wa mkoa mzima, umetiwa saruji chini na pembeni, umewekewa uzio, maana uchimbaji ulikuwa unafanya ardhi ititie na mabomba ya chini yangepasuka. Kazi ya kuurudishia uhai ilianza 1992, wakachimba bomba kubwa la chini lenye urefu wa kilomita 51, na tangu mwisho wa 2021 maji machafu hayaingii tena mtoni. Mi mwaka jana nilisimama pale nikamwona korongo wa kijivu katulia majini anavizia samaki, nikakaa nikamtazama mpaka mikono ikaganda kwa baridi. Mto ambao wazee wa hapa wanasema walikuwa wakipita wanaziba pua!

Tena ukitaka kumzoesha mtoto kabla ya Bochum, anzieni Phoenix-See hapohapo Dortmund, kuzunguka ziwa ni kama kilomita 3 na kitu. Pale palikuwa na kiwanda cha chuma mpaka 2001. Ila nendeni asubuhi, Jumapili mchana watu ni wengi mno na mtoto anayejifunza anachanganyikiwa.

Usisahau kwenye treni baiskeli ina tiketi yake, hata kama nyinyi mna ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima.

SWALI: Kaka/dada, nimejaribu hizo njia za changarawe na baiskeli yangu ya mjini, kwenye kona nyuma inateleza kama ina sabuni. Jamaa mmoja akaniambia nijaze upepo zaidi. Nimejaza, imekuwa mbaya zaidi. Tatizo ni nini?
*Msomaji, Essen*

JIBU: Huyo jamaa amekupoteza ndugu yangu, japo najua alikutakia mema. Changarawe inataka kinyume chake. Tairi likiwa gumu kama jiwe linarukaruka juu ya kokoto, haliishiki njia. Likiwa na upepo wa kiasi linabonyea kidogo, linazikumbatia zile kokoto, linakamata. Na tatizo la pili nahisi ni wembamba, tairi nyingi za mjini ni nyembamba na hazina meno. Kama fremu yako ina nafasi weka za milimita 40 hivi, na kwa mtu wa kilo 75 jaribu upepo wa bar 2.5 hadi 3 (bar ndo kipimo kilichoandikwa kwenye pampu), uanzie hapo upunguze au uongeze kidogo kidogo mpaka mwili wako ukuambie. Usishushe sana, rimu ikigonga jiwe tyubu inatobolewa matundu mawili kwa mpigo.

Kingine ni breki. Mwaka wangu wa pili nilimkwepa mbwa, nikabana breki ya mbele kwenye kona, nikaenda chini na kiwiko kikachubuka hadi leo kovu lipo. Punguza mwendo KABLA ya kona, ukiwa bado umenyooka, ukiingia kwenye kona acha breki na uangalie unakokwenda, sio kokoto zilizo mbele ya gurudumu. Ile njia ikikauka vizuri ni kama barabara ya moramu iliyopitiwa na greda juzi, raha tupu, ila mvua ikinyesha inalainika na tope la kijivu linakurukia mgongoni, kwahiyo madigadi ni lazima na cheni uifute ukifika nyumbani, ule mchanga laini unakula cheni kama msasa.

Na tafadhali piga kengele mapema, mara moja, kwa upole. Pale kuna wazee wanatembea polepole na wengine walishuka migodini miaka thelathini. Ile njia ni yao kabla haijawa yetu.

SWALI: Mambo! Mi kijana wa Mombasa nasoma Köln, nataka siku moja tu, niende kutoka Bochum mpaka Duisburg nione vile viwanda vya zamani. Inawezekana? Na kwa nini hawakuvibomoa wakauza chuma chakavu?
*Mwanafunzi, Köln*

JIBU: Poa mdogo wangu. Inawezekana kabisa, ni takriban kilomita 40. Shika Erzbahntrasse mpaka mfereji, kata kushoto ufuate njia ya kando ya maji kuelekea magharibi. Utapita Nordstern, mgodi uliofungwa 1993, mnara wake siku hizi una sanamu la Hercules la mita 18 juu yake, halafu ukifika Oberhausen utaliona tangi la gesi la zamani, mita 117, halikosekani. Kutoka hapo unaingia Duisburg-Nord, kiwanda cha chuma cha Meiderich kilichozima matanuru yake 1985, siku hizi ni bustani ya watu wote.

Vingi kweli vilibomolewa. Vilivyobaki vilibaki kwa sababu kuna watu walivipigania, na kuanzia 1989 hadi 1999 serikali ya jimbo iliendesha mpango mkubwa wa miaka kumi, IBA Emscher Park, chini ya Karl Ganser, na wazo lilikuwa kwamba mahali hapa hapawezi kupona kwa kufuta historia yake. Ule mgodi wa zamani wa Zollverein pale Essen mpaka UNESCO wakauweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Mi nawashukuru sana hao watu. Ukipita uangalie pembeni ya njia, kwenye udongo mweusi wa makaa, utaona miti myembamba yenye magome meupe, Birke, hakuna aliyeipanda, imejiotea yenyewe kwenye kifusi ambacho kila mtu alidhani kimekufa.

Duisburg-Nord kiingilio hakuna, na tanuru namba 5 unalipanda kwa ngazi zake za chuma mpaka juu. Funga baiskeli yako vizuri chini, panda jioni taa za rangi zinapowaka, na uweke koti kwenye begi maana kule juu upepo ni mkali hata Agosti.