Ufa Niliouambia Uongo

Juzi kijana mmoja, fundi mwashi, ameniandikia: nyumba ya babu yake Mji wa Kale, Mombasa, ina ufa, atajuaje kama umeletwa na tetemeko? Swali limenitonesha kidonda.

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 ardhi ilitikisika chini ya bahari, pwani ya Tanzania, kipimo kikikaribia 6, na hata sisi Mombasa tuliyumbishwa. Siku ya pili nikaitwa kukagua nyumba ya ghorofa, ya matumbawe na chokaa. Shahada yangu ilikuwa bado inanukia wino. Nikaona ufa wa mshazari juu ya dirisha, nikauwekea rula, nikapiga picha kama ishirini, nikatangaza, “Hili ni tetemeko. Hameni.”

Bi mkubwa mwenye nyumba akanitazama. “Mwanangu, ufa huu nimeukuta nilipoletwa bibi harusi.”

Vijana wa barazani walicheka mpaka leo nawasikia. Nikamulika tochi: ndani ya ufa mna rangi, tabaka juu ya tabaka, na utando wa buibui. Ufa mpya huwa msafi, kingo kali, na vumbi jeupe limemwagika chini yake.

Fundi mzee niliyekwenda naye hata hakuusogelea. Alipanda juu akashusha timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia wima, kwenye ukuta wa upande wa njia. Ukuta ulikuwa umejitenga na boriti, kidole kinaingia. Vichwa vya boriti vimeoza, kwani mtu alipiga lipu ya saruji juu ya chokaa na unyevu ukakosa pa kutokea. Ukuta kama huo ukitikiswa huangukia njiani mzima mzima.

Basi kijana, simu iache mfukoni. Tazama kona, tazama boriti zinapoingia ukutani. Gonga lipu, ikilia kama ngoma, basi imeachana na jiwe, na huenda ufa ni wa lipu tu. Mishazari miwili ikikatana kama msalaba kati ya madirisha, hapo shuku tetemeko. Na muulize mwenye nyumba kwanza! Tumesoma, lakini hatukulala humo. Ngome Yesu, jirani yetu, iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2011; nyumba hizi zina sisi tu, na sisi tuna kiburi.

Ule ukuta tuliufunga kwa vyuma. Ufa wa bi mkubwa niliutia kiraka cha jasi, nikaandika tarehe kwa penseli, kikipasuka tujue unatembea. Kila Iddi nikienda kumwamkia, kahawa sipewi mpaka nikakitazame. Bado kizima.