Udalali wa mtandaoni: mkaguzi anaifuata linki yako mpaka mwisho

Mdogo wangu uliyeanza afilieti mwezi huu, kazi yako tuipe jina lake la Kiswahili: udalali. Bidhaa ni ya mwingine, linki ni yako, mtu akinunua unapata kamisheni. Dalali wa nyumba wa Sinza anajua kwamba hata aongee vitamu namna gani, mteja ataomba kwanza apelekwe akaione nyumba. Mitandao nayo iko hivyo. Ukisponsa tangazo Facebook au Instagram, ukaguzi hauishii kwenye picha na maneno. Linki inafuatwa mpaka ukurasa inakofikia, na ukurasa huo nao unasomwa. Wengi wanaokuja kuniuliza kwa nini tangazo lao limekataliwa wananionyesha picha tu. Nawaambia wanipe linki.

Mimi nilianza na chai ya kupunguza mwili. Kamisheni ilikuwa asilimia 40 na hiyo ndiyo iliyonitia tamaa. Tangazo liliandikwa hivi: "Umechoka na kitambi chako? Siku 14 tu, kitambi kwisha!" Juu yake picha mbili za tumbo, kabla na baada. Likakataliwa ndani ya saa moja. Nikabadilisha rangi ya picha, nikalirudisha. Likakataliwa. Nikaandika k*tambi, kwa nyota katikati, nikidhani mashine haitasoma. Likakataliwa tena. Sikuhesabu vizuri, lakini kama mara ya saba hivi akaunti nzima ilifungwa, na kampeni mbili za mteja aliyekuwa ananiamini zikazimika pamoja nayo. Kumpigia simu yule mama na kumweleza ndiyo sehemu iliyoniuma zaidi.

Tulichambue tangazo lile, maana lina karibu kila kosa la mgeni. Kosa la kwanza limo kwenye neno "chako". Kanuni za Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, zinakataza tangazo linaloonyesha kwamba unajua hali binafsi ya msomaji: ugonjwa wake, umri wake, dini yake, shida zake za fedha. "Una kisukari?" ni kumnyooshea mtu kidole. "Ushauri wa lishe kwa wagonjwa wa kisukari" ni kueleza huduma uliyonayo. Kwa mwandishi tofauti ni maneno mawili matatu, kwa mkaguzi ni kupita au kukwama. Soma tangazo lako ukitafuta "wewe", "yako", "chako", na kila unapolikuta jiulize: hapa nazungumzia bidhaa au namzungumzia mtu?

Kosa la pili ni ahadi. Bidhaa za kupunguza mwili zinaruhusiwa kuonyeshwa kwa watu wa miaka 18 na kuendelea tu, na hairuhusiwi kumfanya mtu auchukie mwili wake ili anunue. Siku 14 zile nilizitoa wapi? Nilizikuta kwenye karatasi ya muuzaji, nikazinakili. La tatu ni ukurasa wenyewe. Haukuwa wangu. Ulikuwa na saa inayohesabu dakika za ofa kurudi nyuma, na kila ukiufungua upya saa inaanza upya, pamoja na shuhuda za watu wasiojulikana walipo. Hata ningeandika tangazo safi kiasi gani, linki ilikuwa inampeleka mkaguzi pale.

Lakini kilichofunga akaunti ni ile nyota. Tangazo lililokosewa unaweza kulirekebisha ukaendelea na kazi. Kujaribu kuukwepa ukaguzi kunahesabiwa kosa la aina nyingine kabisa, na linaigusa akaunti yote. Ndiyo maana nakuomba sana uwe mbali na wale wanaouza "njia" kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram: akaunti za kukodi, kadi za watu wengine, na hasa ule mchezo wa kumwonyesha mkaguzi ukurasa wa mapishi huku mteja anapelekwa kwenye ukurasa wa utapeli. Mwezi Aprili 2020 Facebook walifungua kesi California dhidi ya muuza programu ya mchezo huo, iliyoitwa LeadCloak. Walisema ilitumika kuficha kurasa za utapeli uliohusu Covid-19, sarafu za kidijitali na vidonge vya kupunguza mwili. Anayekuuzia njia hiyo kwa Sh 50,000 hatakuwepo siku akaunti yenye jina lako inafungwa.

Sasa kuchagua bidhaa, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kazi nyingi ya kupitishwa inaamuliwa kabla hujaandika neno hata moja. Angalia kanuni za mtandao, angalia sheria ya nchi, angalia masharti ya mwenye bidhaa. Tuchukue programu za mikopo ya simu, maana kamisheni zake zinawavuta vijana. Meta hairuhusu matangazo ya mikopo ya kulipwa ndani ya siku 90 au pungufu. Huku nyumbani, Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Ukiwa dalali wa mojawapo, kukataliwa kwa tangazo ni shida yako ndogo. Kubashiri nako kunahitaji idhini ya mtandao, na idhini hiyo inafuata leseni ya nchi unayolenga. Wenzetu wa Kenya waliona Aprili 2025 bodi yao ikisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, bila kujali nani alikuwa ameshalipia kampeni. Dawa na vifaa tiba ni mambo ya TMDA, vyakula na vipodozi ni TBS, zote ni taasisi za serikali hapa Tanzania. Omba kuona usajili, na kama mwenye bidhaa anaanza kuzungukazunguka, achana naye.

Masharti ya mwenye bidhaa ndiyo yanayosahaulika kuliko yote. Amazon, kwa mfano, wanakataza dalali wao kulipia matangazo kwenye injini za kutafutia yanayompeleka mtu moja kwa moja dukani kwao, na ukijinunulia mwenyewe kwa linki yako hupati kitu. Kuki yao, ile alama inayokumbuka kwamba mteja alipitia linki yako, ni ya saa 24: mteja akibofya leo bila kuweka kitu kwenye kikapu, akarudi mwenyewe keshokutwa akanunua, jasho lako limekwenda bure. Nimeona kijana aliyepitishwa na mtandao vizuri kabisa, akauza, halafu mwenye bidhaa akamnyima malipo kwa sababu alitumia jina la duka kwenye tangazo kinyume na mkataba. Mkataba aliusaini bila kuusoma.

Baada ya chai nilihamia kwenye vyombo vya jikoni. Presha kuka ya umeme ya Sh 180,000 kwa kamisheni ya asilimia 6 inanipa Sh 10,800. Ile chai ya Sh 30,000 kwa asilimia 40 ilinipa Sh 12,000. Tofauti ni Sh 1,200, na kwa ajili ya elfu moja na mia mbili hiyo nilikuwa nimeiweka rehani akaunti yangu.

Safari hii nilitengeneza ukurasa wangu mwenyewe kwanza, kisha ndani yake nikaweka linki ya duka. Hili ni muhimu pia kwa Google, wanaokataa ukurasa ambao kazi yake pekee ni kuwapitisha watu kwenda kwingine. Nilipika nusu kilo ya maharage ambayo hayakulowekwa. Nikapiga picha LUKU ya nyumbani kabla ya kuwasha na baada ya kuzima: haikufika uniti moja. Nikaandika pia nisichokipenda, kwamba mpira wa mfuniko unashika harufu ya kitunguu swaumu na usipouosha mara moja chai ya kesho itanukia. Juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi zisizojificha, nikaweka: "Ukinunua kupitia linki hii nalipwa kamisheni. Bei yako haibadiliki." Tangazo lenyewe lilikuwa sentensi mbili: "Nusu kilo ya maharage, chini ya uniti moja ya umeme. Nimepima kwa LUKU ya nyumbani." Lilipita siku hiyohiyo. Na kwenye maoni watu hawakuuliza kama ni kweli, waliuliza kama makongoro nayo yanawezekana, nikaenda kuyapika.

Bajeti nilianza na Sh 5,000 kwa siku. Wiki moja ni Sh 35,000, kwa hiyo presha kuka tatu ni hasara na ya nne ndiyo inayokuvusha. Piga hesabu hii kabla ya kulipia, siyo baada.

Mengine ni ya haraka. Meta husema matangazo mengi hukaguliwa ndani ya saa 24, lakini mengine huchelewa, kwa hiyo la Idi usilipeleke usiku wa kuamkia sikukuu. Likishapitishwa, usiliguseguse: ukibadilisha picha au maneno linarudi kwenye ukaguzi. Usiweke kitufe cha kuchezesha video juu ya picha isiyo video. Na usiamini kila somo la zamani, wapo wanaofundisha mpaka leo kwamba maandishi yasizidi asilimia 20 ya picha, wakati Facebook waliiacha kanuni hiyo mwaka 2020. Kanuni zenyewe zipo wazi, zisome kwa mwenyewe aliyeziandika.

Mashine nayo hukosea. Tangazo langu moja la seti ya visu vya jikoni lilizuiwa kama silaha. Hapo usilirudishe kwa hasira na usifungue akaunti mpya. Bonyeza kuomba uhakiki, andika kifupi: bidhaa ni nini, inatumika wapi, ukurasa unaonyesha nini. Mimi niliandika, "Ni visu vya kukatia nyama na mboga, vinauzwa kwenye duka la vyombo vya nyumbani, ukurasa unaonyesha mapishi." Kesho yake asubuhi likarudi hewani.

Nina daftari la kawaida la shule ninaloandika kila kukataliwa: tarehe, maneno yaliyotumika, linki, sababu iliyotolewa, na nilichobadilisha. Nunua lako leo. Ukikwama mara mbili kwa sababu ileile, simama, usitume mara ya tatu, mpe mtu mwingine asome ukurasa wako tangu juu mpaka chini huku wewe umekaa kimya.