Kurusha ndege kwa uhalisia kwenye simuleta ya nyumbani: anza na hewa ya Dodoma

Mkuu, umeuliza hivi: una kompyuta ya wastani na joystiki ya kawaida, unaruka Dodoma kwenda Dar kila ukipata nafasi, lakini unaona ni gemu tu. Ukauliza pia uanze kununua nini, usukani na pedali au kadi mpya ya picha. Kwa sasa usinunue chochote. Mimi nipo hapahapa Dodoma, hobi hii nimekuwa nayo miaka kadhaa, na kilichogeuza urushaji wangu hakikutoka dukani. Kilianza siku nilipoipa simuleta hewa ya mji huu kama ilivyo, halafu nikajinyima kila kitu ambacho rubani akiwa angani hana.

Naanza na hewa, kwa sababu wengi wanaipita. Uwanja wetu, ambao msimbo wake wa kimataifa ni HTDO, uko kama futi 3,700 juu ya usawa wa bahari. Ule wa Julius Nyerere, Dar, haufiki hata futi 200. Usipogusa chochote, simuleta inakupa ile siku ya vitabuni: nyuzi 15 usawa wa bahari, zikipungua kama nyuzi 2 kwa kila futi 1,000. Kwa kipimo hicho Dodoma inatakiwa iwe na nyuzi 7 au 8. Wewe unaishi hapa, unajua mchana wa Oktoba ulivyo. Sasa weka nyuzi 30 upige hesabu. Kila nyuzi moja inayozidi kipimo ni kama futi 120 za kuongeza. Thelathini ukitoa 7.6 ni 22.4, mara 120 ni karibu 2,700, jumlisha na 3,700 za uwanja unapata 6,400. Injini, propela na mabawa vyote vitafanya kazi kama ndege imesimama futi 6,400, ilhali magurudumu bado yako kwenye lami. Injini isiyo na turbo hapo imebaki na kama asilimia 80 tu ya nguvu zake.

Chukua Cessna 172S, ambayo karibu kila simuleta inayo. Kitabu chake kinasema uwanja ukizidi futi 3,000, kabla ya kuruka upunguze mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa huku injini ikiwa kwenye nguvu kamili na breki umeshika, mpaka upate mizunguko ya injini ya juu kabisa. Watu wengi wanaorukia Dodoma kwenye simuleta hawajawahi kukigusa kile kishikio chekundu cha mchanganyiko, kwa sababu kuna msaada uliowashwa kwenye mipangilio unaowafanyia kazi hiyo. Uzime. Halafu simama mwanzo wa njia ya kurukia, kanyaga breki, sukuma nguvu zote, na uanze kuvuta kile chekundu polepole. Utaona sindano ya mizunguko inapanda kidogo, inatulia, halafu inaanza kushuka na injini inakohoa. Rudisha pale ilipokuwa juu zaidi. Hapo ndipo unaruka. Ni kitendo cha sekunde chache tu, ila kwangu ndicho kilichofanya Dodoma ndani ya kompyuta ifanane na Dodoma ya nje ya dirisha.

Uzito nao uweke wa kweli. Ile 172S hairuhusiwi kuzidi paundi 2,550 wakati wa kuruka, kama kilo 1,157. Ukijaza matangi, kwa kawaida inabaki nafasi ya kilo 250 na kitu hivi kwa watu na mizigo. Watu wanne wa kilo 70 ni kilo 280. Umeshazidi, na begi hata moja hujapakia. Kwa hiyo ama mmoja anabaki nyumbani, ama unapunguza mafuta, na ukipunguza mafuta unaanza kujiuliza kama utafika. Huo ndio uamuzi anaoufanya rubani kabla hajawasha injini, na simuleta inakuachia uufanye mwenyewe kama ukitaka.

Ukishaweka joto, uzito na mchanganyiko, ruka saa saba mchana. Utakimbia umbali ule ambao ungekimbia Dar kwenye joto lilelile, na karibu nusu yake tena juu. Noti 55 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa) zinachelewa kufika. Ukiinua pua, ndege inaacha lami lakini haipandi kwa haraka uliyoizoea, na mkono utataka kuvuta zaidi. Usivute. Shusha pua kidogo, subiri kipima mwendo kifike noti 70 na kitu, iache ndege ipande yenyewe. Pua itakuwa inavutika kushoto kwa sababu ya propela, kwa hiyo unahitaji mguu wa kulia, au kama joystiki yako inazunguka, uizungushe kidogo kulia. Hapa napo zima ule msaada wa usukani wa mkia wa kujiendesha, maana ukiwa umewashwa hutajua kama pua inavutika.

Kutua kuna jambo la macho. Kipima mwendo kinasoma noti 65 kama kawaida, lakini kwenye hewa hii nyepesi ndege inakata hewa kwa kama noti 72. Siku isiyo na upepo ardhi inakuja kasi kuliko ulivyozoea pwani, na macho yanakushawishi upunguze. Amini sindano. Mwendo ukiushusha chini ya ule wa kitabu kwa sababu ya macho, ndege itaishiwa nguvu ya kunyanyuka kabla hujafika kwenye lami.

Kuhusu joystiki, fundisha mkono wako trimu, yaani kile kigurudumu kinachoishikilia pua pale ulipoiweka ili mkono upumzike. Ndani ya ndege, uzito wa usukani unausikia mkononi, unazungusha trimu mpaka uzito uishe, unaachia. Joystiki ya mezani ina springi inayoirudisha katikati wakati wote, kwa hiyo watu wanairusha ndege nzima kwa kushindana na springi. Fanya hivi: shika pua pale unapoitaka, usiiachie, zungusha trimu kidogokidogo huku ukirudisha mkono katikati kwa mwendo uleule. Ukimaliza, achia kabisa. Ndege ikikaa dakika nzima bila kupanda wala kushuka, umeweza. Rudia hadi mkono ufanye wenyewe.

Sasa safari. Dodoma–Dar kwa kufuata mstari wa GPS na otopailoti haikufundishi mengi. Nenda Iringa. Uwanja wa Nduli uko karibu kusini kabisa ya Dodoma, kama maili 90 za baharini, chini ya saa moja kwa 172. Zima GPS, funga ile ramani yenye kindege, chukua karatasi, kalamu na saa ya mkononi. Tuseme mwendo wako hewani ni noti 105 na upepo unatoka mashariki noti 20, jambo ambalo kwa hapa kwetu si la ajabu. Ukielekeza pua kusini ukatulia, ndani ya nusu saa umesukumwa maili 10 magharibi. Kwa hiyo unaelekeza pua kama nyuzi 11 kushoto, 169 badala ya 180, na ndege inakwenda kidogo ubavuubavu huku njia yake juu ya ardhi ikibaki kusini.

Baada ya kama nusu saa unatakiwa kuyaona maji ya Mtera. Ukuta wa bwawa uwe kushoto kwako, mbali kiasi, pamoja na barabara ya Iringa inayopita pale. Ukikuta umefika kwenye mkia wa bwawa upande wa magharibi, upepo ulikuwa mkali kuliko ulivyoandika. Ukiukaribia ukuta, umesahihisha kupita kiasi. Andika saa uliyofika, linganisha na saa uliyokadiria, kokotoa upya mwendo wako juu ya ardhi, rekebisha pua. Usisimamishe simuleta ili upige hesabu. Piga huku ndege inaenda, maana ndiyo kazi yenyewe.

Baada ya Mtera angalia chini. Bwawa liko chini sana, kama futi 2,300, na Nduli iko karibu futi 4,700. Waliopanda Mlima Nyang'oro kwa basi wanaielewa hiyo tofauti. Mimi huenda kwa futi 8,500, na bado ardhi inaonekana kunifuata. Mzunguko wa kutua Nduli unaupanga futi 1,000 juu ya uwanja, yaani 5,700 kwenye altimita (kipima urefu), si ule wa 4,700 wa Dodoma. Altimita yenyewe uwe umeirekebisha kwa QNH ya pale, yaani shinikizo la hewa la eneo hilo likihesabiwa kwa usawa wa bahari. Kosa la milibaa moja tu ni kama futi 30.

Na ukirudi kwenye Dodoma–Dar yako, kuna kitu nataka uangalie. Mstari ulionyooka ni kama maili 210 za baharini kuelekea mashariki, ukiteremka kidogo kusini. Kanuni ya urefu kwa anayeruka kwa macho kuelekea mashariki ni elfu zisizogawanyika kwa mbili, uongeze 500, kwa hiyo wengi wanachagua 7,500. Lakini mstari huo unapita Milima ya Ukaguru, ambayo vilele vyake vinavuka mita 2,200, zaidi ya futi 7,200. Kwenye picha za simuleta, hasa ukiwa na wingu, hutaviona mpaka viko mbele yako. Ama nenda 9,500, na uwe na subira maana 172 iliyojaa kwenye joto hili inapanda taratibu, ama zunguka. Fungua ramani ya ardhi kabla ya kila safari, hata ile uliyoizoea.

Hali ya hewa. Simuleta nyingi zinavuta METAR halisi, yaani taarifa fupi ya hali ya hewa ya uwanja, kama una bando. Kama huna, soma METAR kwenye simu uingize namba kwa mkono, inatosha kabisa. Mfano niliotunga: HTDO 120900Z 12014KT 9999 SCT028 29/13 Q1017. Tarehe 12, saa 0900 Z, upepo kutoka nyuzi 120 noti 14, kuona mbali kilomita 10 au zaidi, mawingu ya hapa na pale futi 2,800 juu ya uwanja, joto 29, nyuzi ambazo umande huanza kutokea 13, QNH 1017. Saa ya Z, ambayo ni saa ya dunia (UTC), isikusumbue: toa 3 unapata saa zetu za Kiswahili, hiyo ni saa 6 mchana. Njia yetu imelala mashariki–magharibi, kwa hiyo ukiruka kuelekea mashariki, upepo wa 120 unapishana nayo nyuzi 30 na unakupiga kutoka kulia. Nusu ya 14 ni 7, hizo ndizo noti za ubavuni. Kwa 172 ni za kawaida, ila wakati wa kukimbia elekeza usukani upande unakotoka upepo, uulegeze kadiri mwendo unavyopanda. Uwanja uko mjini kabisa, kwa hiyo kabla ya kukaa mezani toka nje uangalie bendera na vumbi. Ndege ya abiria ikitua kuelekea mashariki, na wewe tumia njia hiyohiyo.

Programu ipi? Microsoft Flight Simulator ina picha nzuri kuliko zote, lakini inavuta ardhi kutoka intaneti, na toleo la 2024 linaitegemea intaneti zaidi ya lile la 2020. Kwa bando zetu hiyo ni gharama ya kila mwezi. X-Plane 12 inaweka mandhari kwenye diski yako, na kwa kufuata namba za kitabu naiamini sana. FlightGear ni ya bure kabisa na inakubali kompyuta dhaifu. Kila nilichokueleza hapo juu kinafanyika kwenye yoyote kati ya hizo. UPS ndogo (betri ya akiba ya kompyuta) inafaa, umeme ukikatika ukiwa unakaribia kutua inauma.

Redio: sema kwa sauti hata kama hakuna anayekusikia. Taja uwanja, wewe ni nani, uko wapi, uko futi ngapi, unataka nini. Mitandao ya VATSIM na IVAO, ambako warushaji wa simuleta na waongozaji wa kujitolea hukutana mtandaoni, ni ya bure, na huko ukikuta hakuna mwongozaji unatangaza nia yako mwenyewe ili wengine wajue ulipo. Mazungumzo ni ya Kiingereza, kwa hiyo andika sentensi zako kwenye karatasi kabla ya kuwasha injini.

Kuhusu saa unazoruka nyumbani, hazihesabiwi kwenye leseni. Kiwango cha chini cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa leseni ya rubani binafsi ni saa 40, au 35 kwa kozi iliyoidhinishwa, na zile za mezani kwako hazimo. Nakwambia mapema kwa sababu naona vijana wengi hapa wanaota urubani, na ni ndoto nzuri. Utakachobaki nacho ni tabia: cheklisti, namba, kuangalia nje.

Pesa ikipatikana, nunua pedali kwanza, usukani baadaye, kadi ya picha mwisho. Miguu ndiyo inayokosa kazi kabisa kwenye meza zetu.

Jaribu ile ya Iringa wikiendi hii. Weka nyuzi 29, upepo 090 noti 15, watu wawili, mafuta robo tatu. Ukirudi andika hapa ulifika Mtera dakika ya ngapi na ukuta wa bwawa ulikuwa upande gani, na mimi nitaruka safari hiyohiyo tulinganishe.