Dada, mbona umebadilika?

Mdogo wangu, kwenye ule ujumbe wako wa sauti ulisema mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba siku hizi nimebadilika, nimekuwa mbishi, na kwamba wewe nawe unataka kuja huku ughaibuni kwa sababu hapo ulipo umedumaa. Yaani la kwanza unanilaumu, la pili unalitaka. Nayajibu yote pamoja, na wengine wanaouliza wasome humu humu.

Kupanda ndege hakumbadilishi mtu. Huku wapo waliokaa miaka na miaka na bado hawajahama. Kazini ni salamu na maelekezo tu, wakitoka wanajifungia chumbani na simu, wanabishana siasa za nyumbani mpaka usingizi uwachukue, na kila jambo la wenyeji hukumu yao ni moja: "Hawa watu hawana akili." Siwacheki. Ukitoka zamu ya usiku mwili umekwisha, nguvu ya kujifunza mambo ya watu utaitoa wapi? Ila usidhani kuna utu mpya unaokusubiri uwanja wa ndege.

Kinachobadilisha ni kukubali kuwa mtu asiyejua. Huko kwenu ukifungua mdomo tu watu wanajua umesoma, unajua kutania, unajua kumtuliza mwenye hasira. Huku hayo yote hayaonekani. Chukua kitu kidogo kama kupiga simu ofisini kwa lugha ngeni. Mkiwa ana kwa ana unaweza kutazama midomo, kutumia mikono, hata kuonyesha karatasi. Kwenye simu ni sauti tu, tena inakwenda mbio. Nilikuwa naandika sentensi zangu kwenye daftari, nazisoma kwa sauti mpaka ulimi uzoee, ndipo nabonyeza namba. Mtu anapokea, anauliza swali ambalo kwenye daftari halipo. Kwisha habari. Mtu mzima na vyeti vyako unabaki kusema, "Samahani, rudia polepole." Wengine watarudia, wengine watakata.

Lakini lile "rudia polepole" limenijenga kuliko darasa lolote. Nyumbani nilizoea kuitikia kwa kichwa hata nisipoelewa, maana kuuliza ni kujiaibisha. Sasa hivi, awe bosi, awe daktari, nauliza mpaka nielewe. Huo ndio ubishi unaousikia.

Halafu kuna jambo la wakati, ambalo hakuna aliyeniambia. Wengi hudhani mwezi wa kwanza ndio mgumu. Mwaka 1955 mtafiti wa Norway, Sverre Lysgaard, alichapisha matokeo ya mahojiano na Wanorwe 200 waliokuwa wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright, mpango wa serikali ya Marekani wa kubadilishana wasomi na nchi nyingine. Waliokaa huko chini ya miezi 6 walikuwa wamezoea vizuri, na waliopitisha miezi 18 vilevile. Waliokuwa hapo katikati ndio waliokuwa na hali mbaya. Watafiti waliofuata wameupinga mpangilio huo, na wana haki: si kila mtu anafika akiwa na furaha, sembuse mkimbizi. Mimi lakini nilijiona humo. Mwanzoni kila kitu ni kigeni na simu kutoka nyumbani haziishi. Baadaye simu zinapungua, ugeni unaisha utamu, unaugua homa ukiwa peke yako, na msiba wa kwanza unauhudhuria kwa simu iliyoshikwa na mtu anayelia, picha inayumba, unaona miguu ya watu na ardhi. Hapo ndipo wengi hujifunga moja kwa moja. Ukiona giza kipindi hicho, usiharakishe kuamua kwamba umeshindwa.

Tena si kila badiliko ni kukua. Nimejifunza kuficha shida: nikipiga video nachagua ukuta wa kuwaonyesha. Nimekuwa mchoyo wa muda, mtu akija bila kusema nakunja uso kabla sijamfungulia. Hayo siyasifu.

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Nami kazini nalifumba, nikifika kwangu nalifumbua. Kuna utafiti wa mwaka 2018 wa Hajo Adam na wenzake ambao naupenda: walikuta kwamba kuishi nje humsaidia mtu kujielewa, na kilichohusika ni urefu wa kukaa, wala si wingi wa nchi alizopita. Sababu waliyoitoa ni kwamba mtu akiishi ugenini hujiuliza, hili ninaloliamini ni langu kweli, au ni la mahali nilipolelewa? Swali hilo hunijia kila wiki. Heshima kwa mkubwa nimeipima, nikaona ni yangu, nimebaki nayo. Kunyamaza mkubwa anapokosea nimekupima pia, nikakuacha huko huko.

Sasa wewe na kudumaa kwako. Swali hilo halihitaji viza. Kama hapo ulipo unaogopa kuingia darasa ambalo wenzako wote ni wadogo kwako, au kuanza kazi ambayo mtoto wa juzi ndiye anayekuelekeza, huku utaogopa mara mbili, maana huku ndiyo maisha ya kila siku. Jaribu hilo kwanza, uone unavyojisikia ukichekwa.

Ukishaona unaweza, na bado unataka kuja, niambie mapema. Vibali vinachukua muda, vyeti vyako huenda visitambuliwe, na kazi ya kwanza inaweza kuwa ya kubeba boksi. Kuhusu hela nitakueleza kwa simu, tena nikiwa sijachagua ukuta.