Kichapuzi au kiongezakasi?

SWALI: Ninaandaa makala fupi ya wanafunzi wa kidato cha nne kuhusu mwanafizikia anayetafiti mitambo inayokimbiza elektroni ili zitoe mwanga mkali. Nimeandika: "Anatafiti viongezakasi vya vyembe na vyanzo vya mwanga vya hali ya juu." Mwalimu mwenzangu anasema niandike "vichapuzi". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako. Na sababu kubwa imo ndani ya fizikia yenyewe, kabla hatujagusa sarufi.

Chukua SESAME, mtambo wa aina hiyo ulioko Allan nchini Jordan, uliozinduliwa mwaka 2017. Mashine ya kwanza huzipa elektroni nishati ya takriban elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe ndogo) milioni 20, ya pili huzifikisha milioni 800, kisha pete kuu, yenye mzingo wa mita 133, huzipandisha hadi bilioni 2.5. Nishati imekua mara 125 hivi. Kasi je? Zikitoka kwenye mashine ya kwanza tayari zina asilimia 99.97 ya kasi ya mwanga. Mwisho wa yote zina asilimia 99.999998. Kasi imebaki karibu pale pale. Mwanafunzi akisoma "kiongezakasi" atajenga picha ya kitu kinachozidi kwenda mbio, na picha hiyo ni potofu.

Kichapuzi ni kitu kinacholeta mchapuko, na "mchapuko" hauna kasoro hiyo. Katika fizikia, kitu kinachapuka hata kikibadili mwelekeo tu. Gari linalokata kona kwa kilomita 40 kwa saa, bila dereva kugusa breki wala mafuta, linachapuka. Na mwanga tunaoutaka hutoka hapo hapo kwenye kona: sumaku inapopindisha njia ya elektroni, elektroni hurusha mwanga mbele yake, kama taa za gari linalozunguka kiplefti usiku. Neno moja, basi, linabeba kupandisha nishati na kupindisha njia. Umbo lake nalo ni la kwetu kabisa: vumbua hutupa mvumbuzi, gundua mgunduzi, tatua mtatuzi; chapua, tunayoisikia kila siku katika "chapua miguu, tutachelewa", inatupa kichapuzi.

"Vyembe" ifute. Chembe ya mchele, ya mchanga au ya atomu iko katika ngeli ya I-ZI: chembe hii inazunguka, chembe hizi zinazunguka. Vyembe ni wingi wa chembe cha mshale, ile ncha yake.

"Vyanzo vya mwanga vya hali ya juu" si kosa la sarufi, ila msomaji ataona taa za bei kubwa. Sema mtambo ni upi. Kama elektroni huzungushwa kwenye pete, andika "mitambo ya mwanga wa sinkrotroni". Kama ni leza ya elektroni huru, mfano European XFEL ya Ujerumani, yenye urefu wa kilomita 3.4, usitaje pete wala sinkrotroni, kwa kuwa elektroni huko hukimbia kwenye mstari ulionyooka. Ila katikati ya safu ndefu za sumaku zilizopangwa kaskazini, kusini, kaskazini, kusini, huenda mwendo wa nyoka, na kila mpindo huongeza mwanga. Na popote utakapoandika "mwanga", ongeza mapema kwamba sehemu kubwa inayotumiwa ni eksirei, ambayo jicho haliioni.

Kama mtambo wake ni wa pete, sentensi yako iwe: "Anatafiti vichapuzi vya chembe na mitambo ya kisasa ya mwanga wa sinkrotroni."

Tahadhari mbili za makala iliyobaki. Usiandike "elektroni hupindwa na sumaku". Kinachopinda ni njia, kwa hiyo: "sumaku hupindisha njia ya elektroni". Na ile pete ambamo elektroni hukaa zikizunguka kwa saa kadhaa usiiite ghala. Vitu vya ghalani vimetulia. Hizi, kwenye pete ya mita 133, hupita mahali pamoja zaidi ya mara milioni 2 kila sekunde. "Pete ya kutunzia elektroni" inatosha.