Kiingilio cha spidwei kimepanda, lakini pesa haibaki kwa promota

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: kiingilio cha spidwei, yaani mbio za pikipiki kwenye njia ya mviringo, Uingereza kimevuka pauni 20 kwa mtu mzima, je, mapromota (wanaoendesha klabu na kuandaa mechi) wanawakamua mashabiki, au wamebanwa kweli? Wamebanwa kweli. Ila kinachowabana zaidi si kile kinachotajwa kila bei ikipanda, yaani mafuta na matairi. Ni kwamba klabu nyingi hazina uwanja wao. Ukiwa mpangaji, pesa yako ni ile ya mlangoni tu, na kila gharama inayopanda huishia kwenye tiketi.

Kwa ambao hawajauona mchezo wenyewe: waendeshaji wanne, pikipiki za cc 500 zenye silinda moja, bila breki, gia moja, mizunguko minne ya kukata kona kushoto tu juu ya changarawe iliyosagwa. Mbio moja ya namna hiyo huitwa hiti, na huisha kwa dakika moja hivi. Wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho sifuri. Mechi ya ligi ina hiti 15. Kwa hiyo ukijumlisha muda ambao pikipiki zinashindana hasa, shabiki amelipia robo saa ndani ya jioni inayochukua muda wa saa mbili. Hilo nitalirudia, maana hapo ndipo watu wanapoamua kama bei ni ghali au si ghali.

Tuanze na hesabu. Chukua tiketi ya pauni 22 kwa mfano. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya Uingereza ni asilimia 20 na tayari imo ndani ya bei, kwa hiyo moja ya sita ya tiketi, pauni 3.67, ni ya serikali. Klabu inabaki na pauni 18.33. Wakiingia watu 1,000 wanaolipa bei kamili, hiyo ni kama pauni 18,330. Promota akiongeza pauni 2, tiketi ikawa 24, anabaki na pauni 20 kwa kila mtu. Ili apate zile zile 18,330 anahitaji watu 917. Maana yake ni kwamba wakiacha kuja watu zaidi ya 83 kati ya 1,000, amepandisha bei ili apate pungufu. Na mtu mzima aliyeacha kuja mara nyingi ameacha na mtoto, na mtoto ndiye mnunuzi wa tiketi wa miaka kumi ijayo. Ndiyo maana kupandisha bei kwa spidwei ni mtego: msimu wa kwanza hesabu huonekana imekaa sawa, pengo hujitokeza msimu wa pili.

Promota wa mchezo mwingine angefidia pengo hilo kwenye baa, chakula, maegesho na kukodisha ukumbi. Hapa, kwenye mikataba mingi ya upangaji, hayo ni ya mwenye uwanja. Mpangaji analipa kodi ya pango, anapewa jioni moja kwa wiki, na mwenye uwanja akipata matumizi mengine yanayolipa zaidi, mpangaji anafungasha virago. Wimbledon, klabu ya London, ilifunga mwaka 2005 baada ya kushindwa kuelewana na wenye uwanja juu ya pango. Coventry hawajashindana kwenye uwanja wao wa Brandon tangu 2016. Swindon hawakurudi kwenye uwanja wao wa Blunsdon baada ya msimu wa 2019. Mwaka 2023 klabu mbili kubwa zilipoteza makao kwa mkupuo: Peterborough, ambako eneo la maonyesho lenye uwanja wao lilikuwa linapangiwa ujenzi, na Wolverhampton, ambako mwenye uwanja wa Monmore Green alizitaka siku zao za mechi kwa mbio za mbwa. Hakuna hata moja kati ya hizi ambayo ingeokolewa kwa kupunguza bei ya tairi.

Upangaji una upande mwingine usioonekana. Kima cha chini cha mshahara kwa wenye miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 11.44 kwa saa kuanzia Aprili 2024, kikawa 12.21 Aprili 2025. Mwezi huo huo mchango wa mwajiri kwenye bima ya taifa ulipanda kutoka asilimia 13.8 hadi 15, na ukaanza kuhesabiwa kwenye mshahara wa pauni 5,000 kwa mwaka badala ya 9,100. Klabu yenyewe haiumii sana moja kwa moja, kwa sababu wengi wa wanaosimama na bendera, wanaofagia mstari wa kuanzia na wanaouza programu ni watu wa kujitolea, na mwajiri mdogo ana nafuu ya hadi pauni 10,500 kwenye mchango huo. Anayeumia ni kampuni inayoendesha uwanja, yenye walinzi, wahudumu wa baa na wasafishaji wa kulipwa. Kampuni hiyo ikifanya upya mkataba wa pango, ongezeko lote linamwangukia promota.

Sasa mishahara ya waendeshaji, na hapa watu wengi hukosea. Mwendeshaji wa spidwei amejiajiri mwenyewe. Pikipiki ni zake, fundi ni wake, gari la kubebea vifaa ni lake. Klabu humlipa hasa kwa pointi. Hiti moja inatoa pointi 6, kwa hiyo hiti 15 zinatoa 90, na juu yake kuna pointi za bonasi: ukimaliza nyuma tu ya mwenzako wa timu, mmemshinda angalau mpinzani mmoja, unalipwa kana kwamba umepanda nafasi moja. Ushindi wa 5–1 kwenye hiti moja unalipwa kama pointi 6. Kiingilio chote ni cha mwenyeji, na kila klabu hulipa waendeshaji wake, nyumbani na ugenini.

Fuatilia matokeo yake. Timu ya nyumbani ikishinda 60–30, promota analipa pointi 60 na bonasi nyingi, huku mashabiki wakiondoka hiti ya 12 kwa sababu hakuna tena cha kusubiri. Ikishinda 46–44 analipa pointi 46 na bonasi chache, na uwanja mzima umesimama mpaka hiti ya mwisho. Mechi nzuri ndiyo mechi nafuu. Ushindi mkubwa ugenini ndio unaouma kuliko yote: unalipa pointi nyingi na hujauza tiketi hata moja. Kwa hiyo ule utaratibu wa kuweka kikomo cha jumla ya wastani wa pointi za waendeshaji wa timu moja, ambao mashabiki huulalamikia kila majira ya baridi kwa sababu unavunja vikosi vyao, ndio unaofanya bei isipande zaidi. Naona ni moja ya kanuni chache zinazomlinda shabiki na promota kwa wakati mmoja.

Kwa nini basi waendeshaji wanadai zaidi kwa kila pointi? Angalia pikipiki. Inatumia methanoli, si petroli. Petroli inahitaji hewa mara 14.7 ya uzito wake ili iungue sawasawa. Methanoli inahitaji mara 6.4 tu, kwa hiyo kwa hewa ile ile injini inameza methanoli zaidi ya mara mbili. Methanoli hutengenezwa zaidi kwa gesi asilia, na gesi ilipopaa Ulaya 2021 na 2022 mapipa yakapanda nayo. Tena ni mafuta yasiyosamehe uzembe: hunyonya unyevu hewani na kula aluminiamu. Fundi asipomwaga tangi na kusafisha kabureta baada ya mechi, wiki inayofuata hukuta unga mweupe kwenye njia za mafuta, jeti (kitundu cha kupitisha mafuta) imeziba, mchanganyiko umekuwa na mafuta machache kuliko hewa inavyotaka, na pistoni inaungua. Kosa la dakika kumi linageuka kazi ya kushusha injini nzima.

Injini hizo, za GM kutoka Italia au Jawa kutoka Ucheki, hupelekwa kwa fundi maalumu baada ya idadi fulani ya hiti hata kama hazijaharibika: pistoni, ringi, beringi ya konrodi na springi za valvu hubadilishwa kwa ratiba. Ukichelewesha, konrodi inakatika na kutoboa kasha la injini, na hapo hurekebishi tena, unanunua injini. Tairi la nyuma linaliwa ukingo mmoja kwa sababu pikipiki inateleza upande mmoja tu. Fundi hulitoa kwenye rimu, akaligeuza, akatumia ukingo wa pili, kisha kazi yake imeisha. Mwendeshaji aliyepata pointi 3 kwenye hiti nne ametumia matairi, methanoli na dizeli ile ile kama aliyepata 12. Huyo wa pointi 3 ndiye anayeacha mchezo kwanza. Hao wa pointi 12 nao wanaangalia Poland, ambako malipo ni makubwa kuliko Uingereza kwa mbali.

Poland na Sweden ndizo pia zinazoamua siku ya mechi. Ligi kuu ya Uingereza imejipanga hasa Jumatatu na Alhamisi ili waendeshaji wake wawe huru Ijumaa na Jumapili kwa Poland, na Jumanne kwa Sweden. Faida ni kwamba unaona majina makubwa. Hasara ni tiketi za ndege kila wiki, viza kwa waendeshaji wa Ulaya tangu Uingereza ijitoe kwenye Umoja wa Ulaya, na mechi inayoisha saa nne kasorobo usiku ilhali mtoto ana shule kesho. Kwa klabu yenye mashabiki wa kifamilia, naamini Jumamosi yenye waendeshaji wa daraja la kati inalipa kuliko Jumatatu yenye nyota.

Kuna gharama ambazo hazipunguzwi na hazipaswi kupunguzwa. Uzio wa hewa kwenye kona, yaani mito iliyojazwa hewa ya kumpokea anayeanguka, hugharimu makumi ya maelfu ya pauni, na kila kipande kikichanika lazima kizibwe na kujazwa upya kabla ya hiti nyingine. Bila daktari na wahudumu wa dharura hakuna mbio. Ambulensi ikiondoka na majeruhi na nyingine haipo, mechi inasimama. Ndiyo sababu klabu hulipia zaidi ya moja. Anayesema hapo ndipo pa kubana matumizi, asikilizwe kwa adabu na apuuzwe.

Pa kuwekeza ni kwenye njia yenyewe, na hapo ndipo narudi kwenye ile robo saa. Magurudumu ya nyuma hutupa changarawe kuelekea uzio. Baada ya hiti tatu au nne, ndani kunabaki pagumu na peupe, nje kunarundikana udongo uliolegea. Trekta lisiporudisha changarawe ndani na boza lisipomwaga maji ya kutosha, inabaki njia moja tu ya kupita, aliyetoka vizuri kwenye utepe wa kuanzia anashinda, na hiti zote zinafanana. Maji yakizidi, mashimo yanachimbika kwenye kona na watu wanaanguka. Kuanguka mara nyingi ni hiti ya kurudia na dakika kadhaa za kusubiri. Promota anayekwepa kununua tani kadhaa za changarawe mwezi Machi anazilipia Juni kwa watazamaji wasiorudi. Hata uwanja mpya hauponyi hilo: uwanja wa taifa wa spidwei kule Manchester, makao ya klabu ya Belle Vue, ulipaswa kufunguliwa tarehe 19 Machi 2016, na mechi ikaahirishwa watu wakiwa wamefika, kwa sababu kona hazikuwa salama.

Kwa hiyo kabla ya kuongeza hata pauni moja, klabu ipunguze muda wa kusubiri. Kanuni ya dakika mbili ipo tayari: king'ora kikilia, asiyefika kwenye utepe ndani ya muda huo anaadhibiwa. Itumike bila huruma. Kusawazisha njia kwa trekta kufanyike kwa vipindi vinavyojulikana, ili watu wajue lini wakanunue chai. Mtoto akiandamana na mtu mzima aingie bure au kwa pauni moja. Kiti chake kingekuwa kitupu vyovyote, na programu anayojaza kwa kalamu, 3, 2, 1, 0 kwenye kila kisanduku, na herufi ya aliyeanguka au kutolewa, ndiyo inayomfundisha mchezo haraka kuliko tangazo lolote.

Na tiketi za msimu ziuzwe Novemba, kwa punguzo la kweli, kwa sababu kati ya Novemba na Februari klabu haina hata senti ya mlangoni na ndipo inapolipa viza, bima na mikataba. Shabiki naye ajilinde. Eastbourne walijitoa kabla ya msimu wa 2021 kwisha, na Newcastle wakafunga katikati ya msimu wa 2022. Klabu ikifunga hivyo, mwenye tiketi ya msimu anapanga foleni na wadai wengine. Kwa sheria ya Uingereza ya mikopo ya wateja ya 1974, kifungu cha 75, ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu kimoja chenye bei inayozidi pauni 100 lakini isiyozidi 30,000, benki iliyotoa kadi inawajibika pamoja na muuzaji. Kadi ya kawaida ya benki haina ulinzi huo wa kisheria. Lipa tiketi ya msimu moja kwa moja kwa klabu kwa kadi ya mkopo, futa deni mwezi huo huo, tunza risiti mpaka Oktoba, na kabla ya kulipa uliza kwa maandishi mechi ikivunjwa na mvua baada ya hiti ngapi tiketi yako inahesabiwa kuwa imetumika.